Nilidhani ni Kuongeza Chumvi Tu

Tangi langu lilikua la maji baridi kwa miaka mitatu na kitu, lita 200, mimea imejaa mpaka juu, tetra kama ishirini hivi, gapi wasiohesabika manake wale wanazaana kama wanalipwa, kambare wadogo wanne wa kuzurura chini na moli weusi wawili. Lilikua zuri, nisiseme uongo. Kila jumapili nasugua kioo mpaka kinang'aa, kokoto nanyonya kwa mpira, mimea napunguza, roho safi. Shida ni kwamba ukishaona tangi la maji chumvi lililotulia, matumbawe yanavyocheza na mkondo na ule mwanga wa bluu, ukirudi kwako unaona kama unafuga samaki kwenye beseni lenye majani.

Nikapiga hesabu zangu. Tangi ninalo, meza yake ninayo, filta ninayo, hita ninayo, taa ipo. Sasa kilichobaki nini? Chumvi. Nakumbuka kabisa nilimwambia mke wangu "ni kuongeza chumvi tu na kubadilisha samaki, wikiendi mbili nimemaliza". Akaniangalia vile anavyoniangaliaga, akasema haya. Ilinichukua miezi minane mpaka nikapata kitu cha kumwonyesha mgeni, na katika vyote nilivyojihesabia kwamba "ninavyo", vilivyofika ng'ambo salama ni vioo vitano, meza na hita. Basi.

Kabla ya yote nilimpigia jamaa mmoja aliyefuga maji chumvi muda mrefu, nikategemea ataniuliza ukubwa wa tangi au taa ya aina gani. Swali lake la kwanza likawa, "kaka, hilo tangi ulishawahi kulitia dawa?"

Nikanyamaza kidogo. Nilishatia, tena mara mbili, wale tetra walipopata vidoa vyeupe. Ile dawa ya bluu, na ile bluu ni shaba. Akaniambia shaba samaki anaivumilia kwa kipimo, lakini konokono, kaa, kamba na matumbawe inawaua hata ikiwa kidogo sana, na haiondoki na maji unayomwaga, inaingia kwenye silikoni ya kona, kwenye kokoto, kwenye sponji la filta, halafu inatoka polepole miezi mingi baadae na wewe umeshasahau kama kuna siku ulitia dawa. Yaani ningeanza na tangi lenye sumu na nisingejua nani mchawi.

Kwa hiyo kokoto zote nje. Gogo nje (lingetoka tu hata bila shaba, linaachia rangi ya chai na kuvuta pH chini wakati bahari inataka 8.1 mpaka 8.4). Sponji nje, mipira yote ya filta nje. Kioo nikakisugua na siki, nikajaza maji, nikaweka mkaa wa filta, nikaacha pampu inazunguka wiki nzima, nikamwaga, nikarudia tena. Kipimo cha shaba kikasoma sifuri lakini jamaa akasema usikiamini sana, kipimo cha kweli ni konokono mmoja, huyo utamtia baadae peke yake kabla ya mwingine yeyote. Na ndivyo nilivyofanya ulipofika wakati wake, siku tatu nilikua namchungulia yule konokono kama mgonjwa wa ICU, kila nikiamka usiku kunywa maji napitia na tochi. Siku ya kwanza kajifungia kabisa. Ya pili katoa pembe. Ya tatu asubuhi nikamkuta kapanda kioo mpaka juu na nyuma yake kaacha njia safi kama mtu kapitisha kidole kwenye vumbi. Sijawahi kufurahia konokono namna ile.

Samaki wa zamani nikawagawa kwa watu, isipokua moli wawili, hao nikawahamishia kwenye katangi ka pembeni. Binti yangu ndo alilia zaidi kwa sababu ya tetra, akawa anauliza kwa nini wasibaki tu tukawazoesha. Nikaanza kumweleza habari za chumvi mwilini akanikatisha, "kwani baba, samaki wa baharini wanasikia kiu?"

Nilicheka kwanza, halafu nikaona kauliza swali lenyewe hasa. Samaki wa maji baridi damu yake ina chumvi kuliko maji anayoishi, kwa hiyo maji yanamwingia yenyewe kupitia kwenye matamvua, yeye kunywa hana haja nako, kazi yake ni kukojoa siku nzima kuyatoa. Wa baharini ni kinyume, maji ya nje ndo yana chumvi kuliko yeye, yanamnyonya, inabidi anywe maji ya bahari kutwa na chumvi aitoe kupitia matamvua hayohayo. Sasa tetra ukimtia baharini anakauka akiwa ndani ya maji. Hana mtambo wa kutoa chumvi, hata umzoeshe mwaka. Moli anao, ni katika wachache wanaoweza kuishi pande zote mbili, ndo maana nilimbakiza, na wakati ulipofika nilimdondoshea maji chumvi kwa kale kampira ka hewa nilikokapiga fundo, tone, tone, tone, siku mbili nzima. Wote wawili walivuka salama. Mpaka leo mgeni akiona moli mweusi anaparura mwani katikati ya matumbawe anadhani namtania nikimwambia huyo ni samaki wa maji baridi.

Tukija kwenye chumvi yenyewe. Sio ya jikoni, hilo nilikua nalijua, ile ni sodiamu kloridi na bahari ina kalsiamu, magnesi na madini mengine ambayo bila hayo matumbawe hayajengi kitu. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, ila ya pakiti unaweka 36 mpaka 38 hivi kwa sababu imeshavuta unyevu, na unataka uzito wa maji (maji matupu ni 1.000) usome kama 1.025 au 1.026. Mimi ndoo ya kwanza nikamimina chumvi chini halafu nikafungulia maji juu yake, kama mtu anayekoroga sabuni ya unga. Ikawa nyeupe kama maziwa. Nikasema itatulia. Kesho yake bado maziwa, keshokutwa imesafika lakini chini na pembeni pana utando mweupe mgumu, nakwangua kwa ukucha hautoki, na hita niliyoitumbukiza humo imevaa koti la chokaa. Kumbe maji ya kwanza yanapoigusa ile chumvi yote kwa pamoja, chini pale madini yanakutana yakiwa makali kupita kiasi, kalsiamu na kaboneti zinashikana zinakua chokaa na zikishashikana hazirudi tena kwenye maji. Unabaki na maji ya chumvi kweli ila yale uliyoyalipia yako ukutani mwa ndoo. Maji kwanza, pampu ndani inazunguka, chumvi unanyunyiza kidogo kidogo, unaacha mpaka kesho. Hicho tu.

Na kipimo, tafadhali, usitumie kile cha plastiki chenye mshale. Kapovu kamoja kakishika kwenye mshale kanaunyanyua, kanakudanganya. Changu kikigongwa na kidole kinasoma kingine, kikigongwa tena kingine. Nikahamia kwenye rifraktomita, ile ya kuchungulia kama darubini ndogo, unaweka matone mawili unasoma, ila hata hiyo uisawazishe kwa maji maalum ya 35 na sio kwa maji matupu pekee, manake inaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na ikakosea huko juu unakohitaji.

Kosa ninalolijutia mpaka leo ni maji ya bomba. Tangi la kwanza kabisa nilijaza bomba nikaweka dawa ya kuondoa klorini, kama nilivyofanya miaka mitatu yote na hakuna samaki aliyewahi kulalamika. Mtambo wa RO, ule unaochuja maji mpaka yanabaki matupu bila madini, niliuona ni mbwembwe za watu wenye hela. Basi wiki ya tatu mchanga mweupe mpya, mzuri, ukageuka kahawia kama umemwagiwa kakao, hiyo ni mwani unaokula silika iliyomo kwenye maji. Nikaambiwa tulia, hupita, kila tangi jipya hupitia hapo. Kweli ukapita. Ulipopita ukaja wa kijani wenye nywele, na huyu hakua na haraka ya kuondoka, anakula fosfeti na nitreti na mimi kila nikibadilisha maji namletea zingine mpya kutoka bombani, nampalilia kwa mikono yangu halafu jumapili namng'oa kwa mswaki. Miezi mitatu. Nilipokuja kununua RO nikapima maji ya bomba na ile kalamu ya kupima madini ikasoma 280, ya RO baada ya kuchujwa ikasoma 0. Nikakaa chini.

Tangi la maji baridi lenye mimea lilikua linanifichia haya yote. Fosfeti ile ile ilikua mbolea ya mimea yangu, nikawa najisifu nina mkono wa kuotesha.

Halafu bakteria, wale wanaokula amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Hapa nilikua na kiburi hasa. Filta yangu ilikua imekomaa, miaka mitatu haijawahi kufeli, nikasema bakteria wamo humo mamilioni, wataendelea na kazi. Zile keramiki za ndani, vipande wanamokaa bakteria, hazikua za kunywa shaba sana nikazibakiza, nikaunga kwenye maji chumvi, nikatia amonia kidogo ifike 2, nikasubiri wailambe kama zamani. Siku ya tano kipimo bado kijani kilekile, 2. Siku ya saba 2, na maji yakaanza kunuka. Wale bakteria wengi wanakufa au wanazimia ukiwabadilishia chumvi ghafla, sasa sio tu kwamba hawali amonia, bali wao wenyewe wanaoza humo na kuiongeza. Nikatoa keramiki zote, nikaanza upya na mawe. Mawe ya matumbawe makavu mengi na machache "hai" yaliyotoka kwenye tangi la jamaa, yenye wadudu na bakteria wao, ndo filta ya maji chumvi ilipo, ile mashine ya pembeni ni msaidizi tu. Na mchanga wa aragonaiti, sio kokoto, ule ni chokaa yenyewe.

Ikachukua wiki tano. Amonia ikashuka, nitriti, sumu nyingine ambayo bakteria wanaigeuza kutoka kwenye amonia, ikapanda mpaka zambarau ya kutisha, ikakaa huko juu siku kama kumi ikaanguka ndani ya siku mbili. Wiki tano za kuangalia mawe. Mke wangu akiwa na wageni anawaambia "hili ni tangi la mawe la baba watoto". Niliwahi kuharakisha nikiwa maji baridi, nikaweka samaki wiki ya pili, wakavumilia. Huku usijaribu, kwenye pH ya 8.2 sehemu kubwa zaidi ya amonia ile ile inakua katika ile hali yake yenye sumu kuliko kwenye pH ya 6.8 niliyokua naifuga mimi. Namba moja kwenye kipimo, maana mbili tofauti.

Mawe hai nayo yana abiria. Usiku ukiwasha tochi unaona minyoo yenye miiba inarudi mashimoni, hiyo haina neno, inasafisha, ila usiishike kwa mkono mtupu. Mi nilisumbuliwa na kiua kidogo cha kahawia chenye mikono, aiptasia, nikakiona kizuri wiki ya kwanza, nikamwonyesha binti yangu tukakipa na jina. Kikaanza kuchoma jirani zake. Nikakikwangua na kisu. Baada ya wiki mbili vilikua saba, kila kipande kilichobaki kwenye jiwe kinaota kipya. Siku hizi navidunga kwa sindano yenye uji mzito wa chokaa na sivigusi na chuma.

Sasa niingie kwenye lile lililokaribia kunimalizia kila kitu, na ni jambo la kipuuzi kuliko yote, kuongezea maji.

Tangi linapungua. Kwangu, na mapampu yanayopuliza uso wa maji na hita kwenye nyuzi 25, linapungua lita mbili kwa siku. Kwenye maji baridi ukiona limepungua unaongezea maji, ya aina ileile yaliyomo. Kwa hiyo na huku maji yamepungua, tangi ni la maji chumvi, nachota kwenye pipa langu la maji chumvi yaliyokorogwa vizuri, najaza. Nikaona hata nina nidhamu, kila asubuhi kabla ya kazi.

Chumvi haipai. Inayopaa ni maji tu, chumvi yote inabaki. Najua unajua, hata mimi nilijua, mtoto wa shule ya msingi anajua, tulifundishwa habari za jua na bahari na mvua. Lakini mkono una mazoea yake, kichwa hakikuulizwa. Piga hesabu, ukitoa mawe na mchanga tangi langu lina maji kama lita 160. Lita mbili kwa siku kwa gramu 35 ni gramu 70 za chumvi ya ziada kila siku. Wiki mbili ni karibu kilo nzima. Kilo moja kwenye lita 160 ni gramu sita kwa lita, yaani kutoka 35 tumefika 41.

Dalili nilizosoma vibaya zote. Konokono wakaacha kutembea, wamelala chini midomo wazi, nikasema shaba hiyo, imerudi. Nikatia mkaa. Matumbawe uyoga mawili niliyokua nimeanza nayo yakajikunja kama masikio ya mzee, nikasema taa kali, nikapunguza taa. Samaki wangu wawili wa kwanza, wale klaunfishi wa machungwa wenye mistari myeupe, wanapumua haraka haraka, nikaongeza hewa. Wiki nzima natibu magonjwa ambayo hayapo, na rifraktomita iko kwenye droo hapohapo chini ya tangi kwa sababu nilishapima siku ya kwanza ikasoma vizuri, ya nini tena? Ilibidi binti yangu, katika kutafuta kijiko cha chakula cha samaki, aitoe na kuniuliza "baba na hii tunachungulia nini?" Nikasema njoo nikuonyeshe. Nikaweka tone, nikamwambia angalia mstari wa bluu uko wapi. Akasema uko juu ya namba thelathini na moja. Nikasema hapana mwanangu, soma vizuri, ishirini na sita. Akasema baba, thelathini na moja.

1.031. Nilitaka kumwaga nusu ya tangi palepale niweke maji matupu, nashukuru nilimpigia jamaa kwanza. Akasema walipanda kwa wiki mbili usiwashushe kwa dakika kumi, utawaua kwa dawa. Nikawa natoa lita nne za tangi kila siku na kurudisha lita nne za RO, hiyo inashusha kama gramu moja kwa lita kwa siku, na zile lita mbili za kupungua nazo naongeza RO. Siku ya nne konokono mmoja kageuka. Siku ya saba tumerudi 1.026. Nilipoteza konokono watatu kati ya sita, na uyoga mmoja haukufunguka tena.

Nikabandika kipande cha tepu nyeusi kwenye kioo cha pembeni, usawa wa maji yanapotakiwa kuwa. Maji yakishuka chini ya tepu unaongeza RO mpaka yaguse, basi, hakuna kufikiri. Hiyo kazi ni ya binti yangu siku hizi, anapima kwa jagi, na akikuta maji yameshuka kuliko kawaida ananiandikia kwenye karatasi "jana feni iliwaka".

Mengine nayataja kwa ufupi. Idadi ya samaki, nilizoea thelathini na zaidi, sasa nina watano ukihesabu na moli. Maji chumvi yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, kwenye nyuzi 25 ni kama miligramu 6.8 kwa lita dhidi ya 8.2, na hawa samaki wanagombana, kila mmoja ana jiwe lake. Klaunfishi wote wanazaliwa madume, yule mkubwa wa wawili ndo anageuka jike, na akishageuka mkono wako ndani ya tangi ni adui, wangu ananing'ata mpaka nashtuka kila mara ingawa meno yenyewe hayatoboi.

Skima, ile mashine ya povu, kwenye maji baridi haifanyi kazi ya maana manake povu halisimami, kwenye chumvi vipovu vinakua vidogo sana vinabeba uchafu mpaka kwenye kikombe cha juu. Mara ya kwanza kukimwaga, maji ya rangi ya chai ya rangi iliyolala, harufu ya gati wakati maji yamekupwa, nikajiuliza miaka mitatu ule uchafu ulikua unaenda wapi. Kikombe hicho kimwagie nje, usikimwagie kwenye sinki kama unataka amani nyumbani.

Na chumvi inatembea. Hii hakuna aliyeniambia. Kila tone linalorukia nje linakauka linaacha chumvi, inapanda kwenye waya, kwenye mfuniko, kwenye ukuta, kama ukungu mweupe. Taa yangu ya mimea ilikufa mwezi wa nne, nilipoifungua skrubu zote zimekua kutu ya kahawia na moja imeshakatika, sijui kipande kiliangukia wapi na nilikitafuta mchangani kwa sumaku nusu siku. Ekstensheni nilikua nimeilaza chini nyuma ya meza, nikaja kuona waya mmoja umeota chumvi kutoka tangini mpaka karibu kabisa na soketi. Nikaipandisha ukutani siku hiyohiyo, na kila waya sasa naulegeza ushuke chini kwanza kama tumbo kabla ya kupanda kwenye soketi, maji yakitembea juu yake yadondoke sakafuni pale chini na sio kuingia kwenye umeme.

Mwezi wa sita nikajiamini. Nikaleta samaki wa nne, gobi mzuri mwenye mkia mwekundu, nikamtia moja kwa moja. Siku tisa baadae vidoa vyeupe, kwake halafu kwa wote, kama wamenyunyiziwa chumvi mbichi. Sio mdudu yule wa maji baridi ingawa anafanana, huyu anaitwa Cryptocaryon na ni mkaidi zaidi. Nikaenda kabatini mkono ukijua wenyewe unakoenda, chupa ya bluu ilikua bado ipo, nusu. Nikaishika. Nadhani nilisimama nayo dakika tano. Nyuma yangu kuna tangi lenye konokono, kaa wadogo wale wanaohama na magamba, kamba mmoja na matumbawe sita.

Nikatoa samaki wote, kung'oa mawe yote usiku wa manane ili kumpata gobi, nikawatia kwenye beseni kubwa la plastiki lenye hita, sponji na vipande vya bomba vya kujifichia, shaba nikaitumia huko kwa kipimo cha kila siku. Tangi kubwa likabaki bila samaki siku 76, ndizo siku wanazohesabu wafugaji wengi, yule mdudu asipopata samaki wa kumng'ang'ania anakufa njaa hata vile vifuko vya watoto wake vikipasuka. Gobi hakufika. Wengine walifika. Siku 76 mke wangu akarudia ule utani wa tangi la mawe, safari hii sikucheka.

Beseni lile halikurudi kufua nguo. Limeandikwa SHABA kwa kalamu nene pande zote mbili, na samaki yeyote mpya anaanzia huko, wiki nne, hata awe mzuri vipi.

Jumapili kusafisha kioo bado nasafisha, mazoea hayo sijayaacha, ila ile sumaku ya kusugulia naiburuza polepole manake punje moja ya mchanga ikiingia kati inachora kioo, nina mstari mmoja wa hivyo katikati kabisa mbele. Juzi niko kwenye kioo cha nyuma, nikaona kadoa ka zambarau kama kichwa cha pini. Nikasogeza uso. Pembeni yake kingine. Ni ule mwani mgumu wa chokaa unaopaka miamba rangi, hauoti mpaka kalsiamu na maji yametulia muda mrefu, na mimi sikuuleta, umetoka wenyewe kwenye mawe. Nikamwita binti yangu aje na tochi. Tukahesabu vinne. Akaniuliza kama nitasugua.

Kioo cha nyuma hakijasuguliwa tangu hapo.